Amri Iliyosema Hapa Hakuna Mtu

Leo si posti ya kucheka na ni ndefu kidogo, kwa hivyo weka chai jikoni kwanza ndio urudi.

Mwezi uliopita baba mdogo alinipigia simu akaniambia nikuje nyumbani Kiptere, na nisisahau laptop. Kugo alituacha miaka sita iliyopita lakini shamba bado liko kwa jina lake. Ukitaka lirithishwe, unaanzia kwa chifu. Mnapeleka majina ya wote walioachwa na marehemu, chifu anaandika barua, halafu barua inaenda kortini. Kazi yangu ilikuwa kuchapa hiyo orodha ya majina. Mimi ndiye nilifika chuo, hata kama niliacha mwaka wa pili karo ilipokatika, na kwetu hiyo bado inahesabika kama usomi.

Baba mdogo alikuwa anataja, mimi nachapa. Kuna jina moja hakulitaja, na mimi nikanyamaza. Nitarudi hapo mwishoni, juu hiyo ndiyo sababu ya posti hii.

Kesho yake tukaenda ofisi moja ya ardhi kuulizia kipande cha chini, kile kinachoelekea mtoni. Karani hata hakuinua kichwa. Alisema, "Kijana, kama haiko kwa karatasi, haiko." Sasa hapo ni mahali ambapo kogo amelima tangu aolewe. Kuna miti aliipanda yeye mwenyewe. Ati haiko.

Hiyo sentensi ilinikaa kichwani njia yote kurudi. Nikataka kujua ni nani aliileta huku kwetu, kwa sababu Kipsigis wa zamani hangeweza kuisema. Nimekaa usiku kadhaa nikisoma, na nilichopata ni historia ambayo shuleni tulipewa kama mistari miwili ya kukariri.

Tuanze na hii: kama ungezaliwa Kiptere mwaka 1898, kwa karatasi ungekuwa umezaliwa Uganda.

Si utani. Waingereza walitangaza himaya yao ya Uganda mwaka 1894. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Julai 1895, wakatangaza himaya ya pili Mombasa, wakaiita Afrika Mashariki. Mpaka kati ya hizo mbili haukuwa Busia wala Malaba. Ulikuwa huko upande wa Bonde la Ufa. Naivasha, Kericho, Kisumu, zote zilikuwa zinahesabiwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Kogo wa kogo wangu alikuwa anakamua ng'ombe zake hapa hapa, hajui kama amewekwa Uganda, na hakuna mtu aliyekuja kumwambia.

Watu wengi wakisikia "gavana wa mkoloni" wanafikiria yule wa picha, kofia yenye manyoya na upanga kiunoni. Miaka ya 1890 mkubwa wa himaya hakuitwa hata gavana. Aliitwa Kamishna. Jina la gavana lilikuja baada ya 1905, himaya ilipotolewa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ikapelekwa Wizara ya Makoloni. Lakini huyo Kamishna alikuwa na nguvu kuliko gavana yeyote unayemjua wewe. Gavana wa leo ana MCA ambao wakikasirika wanampeleka Seneti, na sisi watu wa Kericho hiyo sinema tumeiona si mara moja. Kamishna hakuwa na MCA. Hakuwa na bunge. Hakuwa na mpiga kura hata mmoja.

Wa kwanza upande wa Mombasa alikuwa Sir Arthur Hardinge. Wakati huo huo alikuwa balozi mkuu wa Uingereza Zanzibar, na kiti chake kilikuwa huko. Yaani mtu alikuwa anatawala bara yote akiwa kisiwani. Mwaka 1897 Malkia Victoria na baraza lake kule London walitoa amri iliyompa Kamishna uwezo wa kutunga kanuni za himaya. Ziliitwa Kanuni za Malkia, lakini Malkia hakuwa anakaa chini kuziandika. Kamishna aliandika, akasaini, zikawa sheria. London ingeweza kuzikataa. Wewe hukuwa na nafasi popote kwenye hiyo safari.

Baraza la kutunga sheria lilianza mwaka 1907, likiwa la wazungu watupu. Mwafrika wa kwanza kuingia humo, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944. Piga hesabu kutoka 1897: miaka 47 ya amri na sheria bila hata mtu mmoja wa rangi yetu kwa chumba.

Halafu kuna gazeti. Novemba 1899 serikali ilianza kuchapa gazeti rasmi Mombasa, la himaya zote mbili, Afrika Mashariki na Uganda. Humo ndimo kanuni na matangazo yalikuwa yanawekwa. Kwa Kiingereza. Amri ikishachapwa humo, imekufikia, hata kama uko Belgut na hujawahi kuona herufi. Hilo gazeti halikufa. Ndilo leo tunaliita Gazeti la Kenya, linatoka kila Ijumaa. Liweke kwa akili, tutalihitaji.

Sasa twende kwa ardhi.

Mwaka huo huo wa 1897 Hardinge alitoa kanuni za ardhi. Kwa sehemu zilizokuwa nje ya milki ya Sultani wa Zanzibar, mgeni angeweza kupewa cheti cha kutumia ardhi kwa miaka 21. Walowezi wakalia kwamba miaka 21 ni kidogo. Walitaka kununua, ama wakodishe miaka mingi ya maana. Lakini kulikuwa na shida ya kisheria, na hapa ndipo nilisimama nikasoma mara ya pili. Himaya si koloni. Kwenye himaya, kwa sheria yao wenyewe, Mwingereza amekuja kulinda. Ardhi si yake. Sasa utauzaje kitu ambacho si chako?

Kwa reli walikuwa wamepata njia ya mkato. Walichukua sheria ya India ya mwaka 1894 ya kutwaa ardhi kwa kazi za umma, wakaileta huku, wakachukua maili moja kila upande wa njia ya reli. Lakini huwezi kusema shamba la mlowezi ni kazi ya umma.

Jibu lilipatikana London, Desemba 1899. Wanasheria wa serikali ya Uingereza waliulizwa, wakatoa maoni yao. Walisema kwamba mahali ambapo hakuna serikali iliyokaa imara, na ardhi haijatengewa mtawala wa hapo wala mtu binafsi, Malkia anaweza kuigawa kama ardhi tupu. Mwaka 1901 ikatoka amri ya kuiweka ardhi ya umma ya himaya mikononi mwa Kamishna aigawe kwa niaba ya mfalme, juu Malkia alikuwa ameshafariki. Mwaka 1902 Kamishna aliyemfuata Hardinge, Sir Charles Eliot, akatoa Sheria ya Ardhi za Mfalme. Sasa unaweza kuuziwa, ama kukodishiwa miaka 99.

Soma tena hayo maneno ya 1899. Hayakusema "tunawanyang'anya". Hayakutaja Kipsigis, wala Nandi, wala Maasai, wala Kikuyu. Yaliuliza maswali mawili tu: kuna serikali hapa? Kuna mwenye karatasi hapa? Ukijibu hapana mara mbili, basi hapa hakuna mtu.

Ndio uelewe ubaya wa hayo maswali, angalia sehemu tatu tofauti, miaka hiyo hiyo.

Pwani kulikuwa na Sultani. Ukanda wa maili kumi ulikuwa wake na Waingereza waliukodisha kwake mwaka 1895. Kwa hivyo huko walitembea polepole. Mwenye shamba la minazi na hati ya kadhi alisikilizwa, na mwaka 1908 ikatungwa sheria nzima ya kuandikisha wenye ardhi wa pwani. Lakini Mijikenda, ambao walilima bila hati, waliachwa nje ya orodha. Mpaka leo ukienda Kilifi utapata watu wanaitwa maskwota mahali babu zao wamezikwa.

Buganda kulikuwa na Kabaka, mtoto mdogo wakati huo, na machifu wake wenye akili. Tarehe 10 Machi 1900 Sir Harry Johnston alitia sahihi nao mkataba. Kabaka, familia yake na machifu kama Apolo Kagwa walipata ardhi ya maili, ambayo ipo hadi leo. Karibu nusu ya nchi, ile iliyoitwa pori na ardhi isiyolimwa, ilienda kwa Malkia. Na mkulima wa kawaida, yule mwenye migomba yake, aliamka akapata amekuwa mpangaji wa chifu. Naye hakuwa kwenye orodha.

Sisi huku hatukuwa na Sultani wala Kabaka. Tulikuwa na kokwet. Wazee wa mtaa wanakaa chini ya mti, mtu yeyote mwenye shida anasema, wanabishana mpaka jioni, wanafikia mahali. Nani alime wapi, ng'ombe wa nani wameingia kwa mtama wa nani, yote ilikuwa inaamuliwa hapo. Hiyo ilikuwa serikali. Shida yake ni moja: haikuwa na kiti ambacho Mwingereza angekuja kumkuta mtu amekalia amwambie weka kidole hapa. Kwa hivyo kwenye vitabu vyao tukawa watu wasio na serikali. Hata jina hawakutuuliza. Walituita Lumbwa, na stesheni ya reli ya Kipkelion iliitwa Lumbwa miaka mingi.

Na ile "ardhi tupu"? Kipsigis alikuwa na nyumba na shamba upande mmoja, halafu ng'ombe wengi walikaa mbali, huko kwa malisho, na vijana ndio waliwalinda. Mahali hapo paliitwa kaptich. Sasa wewe ni mzungu umepita kaptich wakati ng'ombe wamehamishwa. Unaona nini? Nyasi nzuri, maji, hakuna nyumba. Unaandika kwa daftari: tupu. Ni kama mtu aje kwako saa nne asubuhi, apate wote mmeenda kazi, aseme hii nyumba haina wenyewe.

Lakini ngoja, mtaniuliza, kama sisi tulikuwa Uganda, kanuni za Hardinge zilituhusu vipi? Swali zuri. Hazikutuhusu. Ndio maana mwaka 1902 ni muhimu.

Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Sasa ilikuwa inapita kwa himaya mbili, na kule London waliona ni afadhali njia yote iwe chini ya mkubwa mmoja. Kwa hivyo wakachukua mkoa wa mashariki wa Uganda wakauhamishia Afrika Mashariki. Tarehe ya kuanza: 1 Aprili 1902. Siku ya wajinga, na wajinga walikuwa sisi. Hakuna baraza lililoitwa, hakuna mzee aliyeulizwa. Ulilala Uganda ukaamka chini ya Eliot.

Na tulipofika tukapata sheria zingine zimeshapikwa, zingine ziko jikoni. Kodi ya nyumba ilikuwa imewekwa mwaka 1901. Sheria ya Ardhi za Mfalme ikatoka 1902. Na mwaka huo huo wa 1902 ikatoka sheria ya kumruhusu Kamishna kuteua wakuu wa vijiji, watu wa kufikisha amri chini na kuhakikisha kodi imelipwa. Kama ulikuwa unajiuliza chifu alitoka wapi kwa watu ambao hawakuwa na machifu, sasa unajua. Kwa hivyo nikisimama kwa foleni nikingoja barua ya chifu ili shamba la kugo litambuliwe, niko kwa foleni iliyoanza mwaka 1902.

Yaliyofuata mengi mnayajua, nitapita haraka. Mwaka 1905 ulikuja msafara wa jeshi kuadhibu Sotik, na Oktoba mwaka huo huo kule Nandi Koitalel arap Samoei akapigwa risasi kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Watu wakasukumwa kwa rizavu. Sheria mpya ya ardhi ya mwaka 1915 ikaongeza kodisho la walowezi kutoka miaka 99 hadi 999. Mtu aliyepewa ardhi mwaka huo alitakiwa kuirudisha mwaka 2914. Mapema miaka ya 1920 mahakama ikatamka kwamba Mwafrika kwenye ardhi hizo ni mpangaji tu wa mfalme, anayeweza kutolewa wakati wowote. Baada ya Vita vya Kwanza, askari wa Uingereza walioumia vitani walipewa karibu ekari 25,000 hapa Kericho wapande kitani. Mradi ukaanguka. Lakini cheki kitu: mradi ulipoanguka, ardhi haikurudi kwa wenye ng'ombe. Katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na kampuni ya James Finlay waliingia Kericho na chai. Yale majani mabichi mazuri ambayo kila mtu akipita anashuka kupiga picha, chini yake kuna kaptich ya mtu.

Na waliopinga? Ukoo wa Talai, ukoo wa orkoiyot, ulitungiwa sheria yake peke yake mwaka 1934. Sheria ya kuwahamisha laibon, hivyo ndivyo walivyowaita. Mamia ya watu, na watoto ndani, walipelekwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria, mahali pa joto na mbung'o. Hukuhitaji kufanya kosa. Kuzaliwa kwa huo ukoo kulitosha.

Sasa najua kwa maoni huko chini kutakuja watu wa aina mbili.

Wa kwanza watasema hiyo ni historia, songa mbele, na bila mzungu hakungekuwa na chai wala kazi. Sikatai kwamba chai imelisha watu. Kugo mwenyewe alichuma majani ya kampuni miaka mingi kabla apande yake, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwa kituo cha majani cha hapa kwetu. Ninachosema ni kwamba alichuma akiwa kibarua mahali ambapo baba yake alichunga akiwa mwenyewe, na kilichobadilisha hiyo ni sahihi ya mtu ambaye hakuwahi kukutana naye.

Wa pili watasema zamani kwetu kila kitu kilikuwa sawa mpaka mzungu akaharibu. Hapo pia polepole. Kokwet ilikuwa ya wazee wanaume. Mwanamke alilima, lakini kusema ardhi iende wapi hakuulizwa sana. Tulivamiana ng'ombe na Maasai na Gusii, na watu walikufa. Sitaki kuwapakia mababu rangi. Tofauti ninayoiona ni hii: kokwet ikikuamulia vibaya, ulikuwa unajua ni nani ameamua, unajua anapokaa, na kesho mtakutana kisimani. Kamishna aliamua kutoka mahali ambapo wewe hungeweza kufika, kwa lugha ambayo hungeweza kusoma.

Kwa nini nawaambia nyinyi, ambao wengi wenu mko Nairobi, Nakuru, Eldoret, na shamba mnaliona Disemba peke yake?

Kwa sababu ile njia ya kutawala haikuondoka na bendera. Kumbukeni Juni 2024. Tulisoma Mswada wa Fedha, tukautafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, tukaelezea mama zetu kwa video. Hiyo ilikuwa kitu kikubwa kuliko watu wanavyofikiria. Ilikuwa mara ya kwanza wengi wetu kusoma karatasi ya serikali kabla haijatufikia mlangoni. Lakini mswada una kelele, unapita bungeni, una kamera. Matangazo ya Gazeti hayana kelele. Kila Ijumaa yanatoka: ardhi hii inatwaliwa, mtu huyu ameteuliwa, hati ya fulani imepotea na itatolewa nyingine kama hakuna atakayepinga ndani ya siku kadhaa. Kama hakuna atakayepinga! Na nani atapinga kitu hajasoma? Kuna familia imejua shamba lao limepata mwenyewe mwingine siku trekta limefika.

Sasa leo si kama 1897. Katiba ya 2010 inasema uamuzi wa rais lazima uwe kwa maandishi, na sahihi yake na muhuri. Inataka wananchi washirikishwe. Ilikata yale makodisho ya miaka 999 ya wageni yakawa 99. Na mwaka 2019, Gazeti lile lile lililozaliwa Mombasa 1899 lilichapa uamuzi wa Tume ya Taifa ya Ardhi kwamba Kipsigis na Talai walidhulumiwa ardhi yao. Mwaka 2022 wazee wakapeleka kesi dhidi ya Uingereza kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Nilipoona lile tangazo la 2019 nilitabasamu peke yangu kama mjinga. Karibu miaka 120 tangu toleo la kwanza, na hatimaye gazeti limeandika kwamba kulikuwa na watu hapa. Lakini tangazo si shamba. Haijarudi hata ekari moja Kiptere kwa sababu ya hiyo karatasi.

Kwa hivyo someni Gazeti. Liko bure kwa intaneti. Ijumaa kabla uende kuparty, tafuta jina la kaunti yenu tu, dakika tano. Ukipata kitu, peleka kwa grupu ya WhatsApp ya familia, na usikipeleke kwa Kiingereza.

Sasa nirudi kwa orodha.

Jina ambalo baba mdogo hakulitaja ni la senge, dada yao mkubwa. Aliolewa, ndoa ikakataa, akarudi nyumbani na watoto wawili kabla mimi nizaliwe. Yeye ndiye analima kile kipande cha mtoni na kogo. Yeye ndiye alimuuguza kugo mpaka siku ya mwisho. Na mimi nilichapa majina yote ya wanaume, nikachapa jina la kogo juu kabisa, nikahifadhi faili. Nilijua. Sheria ya Kenya inasema watoto wote wa marehemu, wa kike na wa kiume, wanaandikwa. Nilijua hiyo pia. Nikajiambia mimi ni mchapaji tu.

Jioni kogo akaniita karibu na moto. Hajui kusoma. Akasema, nisomee hiyo karatasi. Nikasoma, yeye anahesabu kwa vidole polepole. Nilipomaliza alikuwa amebaki na kidole kimoja juu. Akakiangalia, akaniangalia. Akasema kwa Kipsigis, "Umebakisha mtu."

Hakupiga kelele. Baba mdogo alikuwa ameketi hapo na mursik yake, akaanza kueleza, ati senge alishaolewa, ati huyo atakaa tu hakuna mtu atamfukuza. Kogo akamwachia amalize. Halafu akaniambia tena nisome kutoka mwanzo.

Nilifungua laptop nikaongeza jina. Baba mdogo alitoka nje, na mpaka leo hajapokea simu yangu. Hiyo orodha bado haijafika kwa chifu, na sijui itafika ikiwa vipi. Nakala niliyo nayo ina majina yote.

Nimemsema Hardinge na Eliot posti nzima, na nitaendelea kuwasema. Lakini mimi sikuhitaji meli wala bunduki. Nilihitaji chaji ya laptop na kunyamaza. Kama kogo hangeomba asomewe, saa hii kungekuwa na karatasi ya serikali yenye jina langu kama mchapaji, ikisema kwamba pale mtoni, kwa miti ya kogo na mahindi ya senge, hakuna mtu.

Nyumbani kwenu orodha imeandikwa na nani? Na kuna mtu amemsomea kogo wenu?